Nyuki Waliosingiziwa

Jumatatu, 25 Mei

Kimeuma.

Daktari Firdausi wa zahanati ameniambia niandike kila siku kama kimeuma au hakikuuma, ili mwezi wa saba madaktari wa upasuaji wakija Kasulu wasome. Amesema mstari mmoja unatosha. Daktari mwenyewe bado binti mdogo, hanijui. Mtu aliyelala Bujumbura, akala Lubumbashi na kuibiwa viatu Kitwe akiwa amevivaa, humwambii mstari mmoja unatosha.

Naitwa Niyubahwe, mvuna asali wa Kitahana, zamani utingo wa malori makubwa. Shule niliiacha darasa la tano, tukaachana vizuri bila kugombana.

Mwili wangu una vinundu. Sivihesabu, maana mali ya mtu haihesabiwi hadharani. Viko mgongoni, tumboni na mikononi. Kimoja kimekaa kwenye kope, ndiyo maana naonekana namkonyeza kila mwanamke, jambo lililonisaidia na kuniponza. Ni laini, ukikibonyeza kinazama kama kitufe cha redio, kisha kinarudi. Miaka yote hatujakosana. Ila huyu mmoja wa ndani, ubavu wa kushoto, niliyemwita Bwana Mkubwa kwa ukubwa wake, tangu Pasaka amevimba na anauma.

"Vilianza lini, mzee?" daktari aliuliza.

"Nilipoanza kunyoa ndevu."

"Nani mwingine kwenye ukoo anavyo?"

"Baba alikuwa navyo. Babu ndiyo usiseme, alikuwa kama fenesi."

"Unadhani vinatokana na nini?"

Nikacheka. Kitahana nzima inajua. "Nyuki, mwanangu. Sisi ukoo wetu tunavuna uso wazi, hatujifichi. Nyuki wa huku porini akikuuma anakuachia mwiba, mwiba unaota mizizi, baada ya miaka unavuna kinundu."

Hakucheka. Aliandika, akasema siku nyingine nije na mtoto wangu. Nikamwambia mtoto wangu hahusiki, hajawahi kuusogelea mzinga. "Hata hivyo," akasema. Hawa watu wa Tanga wanabisha kwa sauti ya kubembeleza, unajikuta umekubali.

Alhamisi, 28 Mei

Hakikuuma.

(Apoline, mke wangu, amesoma begani kwangu. Anataka niandike kwamba jana nililia kama mbuzi wa sikukuu. Nimeandika. Amekwenda kulala kwa amani.)

Jumanne, 2 Juni

Kimeuma kidogo. Nimepeleka ndoo za mwanzo kwa Athuman, mwenye duka pale mjini Kibondo. Mteja mmoja, mgeni, mwenye miwani ya jua, akaonja kwa ncha ya kidole. "Hii haijachanganywa sukari kweli?"

Athuman akageuka. Akaniita tu, "Mzee Niyubahwe, inua shati."

Nikainua. Mgeni akavua miwani.

"Umemwona huyo?" Athuman akasema. "Mtu nyuki wamemfanya hivyo, atapata wapi nguvu ya kukoroga sukari?"

Mgeni akanunua ndoo nzima. Wengine wana nembo za kubandika kwenye chupa. Nembo yangu haibanduki.

Jumapili, 7 Juni

Hakikuuma, lakini nimegombana na Tunu.

Tunu ni binti yangu wa pekee, fundi cherehani. Anashona yale mavazi meupe ya kuvunia asali, yenye kofia na wavu, ya mradi wa nyuki. Amewavalisha wavuna asali wa Kitahana hadi Murungu, na yeye mwenyewe hajapanda hata mti mmoja wenye mzinga. Hiyo ni amri yangu tangu akiwa mdogo.

Leo mezani akaanza tena. "Baba, msimu huu nichukue mizingani."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nyuki."

"Nitavaa vazi nililoshona mwenyewe."

"Nyuki wetu wanapita."

"Kwa hiyo wateja wangu wote nawauzia nyavu zisizozuia nyuki?"

Huyu mtoto mdomo ameutoa wapi sijui. Apoline ananitazama kama anajua. Tunu akasukuma sahani, akaondoka ugali ukiwa nusu.

Sababu sijamwambia. Alizaliwa na madoa ya rangi ya chai ya maziwa mapajani na mgongoni. Mkunga akasema ni matone ya asali, mtoto atakuwa mtamu. Ngozi yenyewe laini, inang'aa. Nilipoishika mara ya kwanza niliapa nyuki hawataiharibu kama walivyoharibu yangu. Nikifa, mizinga itakwenda kwa mdogo wangu Kipriani.

Kuhusu Kipriani. Ameumwa na nyuki kuliko mimi, maana ni mnene na hakimbii. Kinundu hana hata kimoja, ngozi kama yai. Watu wakiniuliza, huwa nawajibu nyuki walimwonja wakamtema.

Alhamisi, 11 Juni

Leo sijui niandike nini kimeuma.

Tumekwenda zahanati wote watatu. Daktari akaniuliza habari za Bwana Mkubwa, akambonyeza nikaruka. Kisha akamwomba Tunu aende nyuma ya pazia, Apoline akamsindikiza. Mimi nikabaki namsomesha muuguzi njia ya kwenda Lubumbashi.

Walipotoka, Apoline alikuwa ameshika mdomo.

Daktari akasema taratibu, "Mzee, Tunu ana yale madoa, na vidoa vidogo kwapani. Na ana vinundu viwili vya ubavuni, na kimoja mkononi."

Mkononi! Kumbe ndiyo maana ya mikono mirefu hata mchana wa jua kali, nikadhani ni ulokole.

Nikasimama. "Nani kakupeleka mizingani? Ni Kipriani! Leo ataniona!"

"Baba, kaa."

"Sikai! Nani?"

"Hakuna mtu," Tunu akasema. "Baba, ningepanda mti hata mara moja, Kibondo nzima ingejua siku hiyo hiyo. Mimi si mtoto wako?"

Nikakaa. Hoja haikuwa na tundu la kupenyea.

Daktari akasogeza kiti. "Uliniambia ulikuwa utingo. Lori likiwa mteremkoni na breki moja..."

"Halina moja. Lina ya mguu na ya mkono."

"Sawa kabisa. Mwili nao umejengwa kwa chembe ndogondogo, na kila chembe ina breki mbili za kuizuia isizaane ovyo. Moja umerithi kwa baba, moja kwa mama. Zimeandikwa kwenye vinasaba. Wewe ulizaliwa ile moja imeshakatika, mwili mzima."

"Lakini gari linatembea."

"Linatembea, kwa sababu ile ya pili inashika. Ila miaka inavyokwenda, kwenye chembe hii leo, ile kesho, na ile ya pili inakatika."

Mimi nimewahi kuteremka Bugarama kwenda Bujumbura, lori limejaa saruji na breki imetuaga njiani. Sikuhitaji tena kuelezwa. "Linaporomoka," nikasema.

"Linaporomoka, na hapo ndipo panaota kinundu. Ndiyo maana ni vingi, na havikuja siku moja."

"Na nyuki?"

"Hawahusiki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee."

Nikamfikiria baba, na babu fenesi, na jinsi tulivyowasema vibaya wale wadudu. Kisha nikauliza, "Mimi nimepewa na baba. Na Tunu?"

Daktari akatazama meza. Tunu akatazama dirisha. Apoline ndiye aliyenishika goti.

"Kila mtoto ni kama shilingi iliyorushwa juu," daktari akasema. "Mdogo wako ilimwangukia upande wa pili. Hakuna aliyechagua, hakuna mwenye kosa."

Ugonjwa una jina, nyurofibromatosisi. Nimejifunza kulitamka njiani, Apoline akanipiga mgongoni akidhani nimepaliwa. Hauambukizi. Vile laini vya juu, akasema, vingi havina neno, unaishi navyo. Lakini cha ndani kinachokua haraka na kuuma kinaweza kugeuka saratani, hakiachwi. Nipasuliwe Kasulu, Jumatatu tarehe 13 Julai.

Nikamwambia hapo ni katikati ya mavuno.

"Hata hivyo," akasema.

Ijumaa, 12 Juni

Kimeuma. Si hicho peke yake.

Jumapili, 14 Juni

Kipriani amepata habari, amekuja moja kwa moja kutoka kanisani.

"Kwa hiyo nyuki hawakunitema?"

"Hawakukutema."

"Miaka yote hii, kaka! Kwenye harusi yangu ulisimama ukawaambia wakwe nyuki walinionja wakanitema!"

"Walicheka."

"Mimi sikucheka!" Akakaa chini, akafuta jasho, halafu uso ukamlainika. "Na Tunu je? Analia?"

Nikamwambia halii, anashona. Kipriani akalia kwa niaba yake, mtu mzima, na suti ya kanisani. Alipomaliza akadai mbuzi wa kurudishiwa heshima. Nimempa. Ni yule anayepiga watu pembe.

Jumamosi, 20 Juni

Kimeuma tangu asubuhi. Nimekwenda kwa Athuman nikamweleza yote.

Akafunga mlango nusu. "Sheikh wangu, umemwambia nani?"

Athuman akiogopa hata Wakristo tunakuwa masheikh. "Wewe tu," nikasema. "Na watu wa kanisani. Na wa stendi."

"Umeniua! Watu watasema asali ina ugonjwa. Wataniuliza, nitawaambia nini?"

"Waambie ni breki."

"Breki gani kwenye asali?"

Basi nikaufungua mlango, nikawaeleza waliokuwepo, breki ya baba, breki ya mama, mteremko wa Bugarama. Niliongeza na ya injini, maana mbili zilionekana chache. Dereva mmoja akasema hajawahi kuelewa habari za hospitali hivyo. Lakini mama mmoja aliirudisha chupa yake rafuni polepole, kama anayelaza mtoto. Niliona. Athuman naye aliona.

Jumamosi, 27 Juni

Hakikuuma.

(Mwongo. – Apoline)

Alhamisi, 2 Julai

Kimeuma, na watu wameona.

Nyasi zimekauka, moshi kila upande, maua ya porini yamekwisha. Asali iliyomo mizingani isipotolewa sasa nyuki watairudia kuila wenyewe, na moto wa nyasi nao uko njiani. Nikapanda mti wa kwanza. Nilipofika kwenye tawi nikainua mkono wa kushoto, Bwana Mkubwa akakataa. Mkono ukabaki hewani. Sikuweza kupanda, sikuweza kushuka. Nikaanikwa kama shati.

"Kaka, shuka!" Kipriani yuko chini.

"Panda unishushe!"

"Goti!"

"Limefanya nini?"

"Mbuzi wako!"

Kijiji kizima kilikuja na ngazi ya shule.

Jioni nikatangaza uamuzi. Madaktari watarudi Kasulu mwakani, asali hairudi. Nitauponya kwanza mkono kwa mafuta ya mawese, nivune, upasuaji baadaye.

Apoline aliweka chini mwiko. Huyu mwanamke ni mtu wa Burundi, nilimkuta kambi ya Mtabila tukipeleka mahindi ya wakimbizi, na tangu siku ile sijawahi kushinda hoja.

"*Mana yanje!* Mungu wangu! Na Tunu kwa nini asivune?"

"Nimeshasema. Nyuki."

"Nyuki watamfanya nini?"

"Watamwotesha vi..."

"Malizia."

Nikauokota mwiko, nikaufuta.

"Vinundu anavyo," Apoline akasema. "Alizaliwa navyo ndani. Umemnyima miti miaka yote kwa kitu ambacho nyuki hawana. Sasa nitajie sababu nyingine, moja tu, nami nitakukandia mawese. Mimi nimevuka mpaka kwa miguu, nimekaa kambini kwa miaka. Sikuja Kitahana kumzika mtu kwa ajili ya ndoo za asali."

Nikatafuta sababu. Nilipekua kila mahali, hata kwenye Kifaransa nilichokiokota Bujumbura. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kutafuta neno nikalikosa.

Jumanne, 7 Julai. Saba Saba

Kimeuma, lakini sikuwa na nafasi ya kukisikiliza.

Nimempeleka Tunu mizingani. Sisi Waha hatuingii kwa mtu na kusema shida yetu bila salamu kamili, makofi, habari za nyumbani, habari za ng'ombe, hata kama nyumba inaungua. Na kwenye ukoo wetu nyuki ni mwenye nyumba. Mtu akifika mzingani mara ya kwanza, mkubwa wake humsalimia nyuki kwa niaba yake.

Nikapiga magoti chini ya mti, nikapiga makofi. "*Mwakeye.* Nimewaletea Tunu, binti yangu. Ndiye atakayevuna. Na nina neno la aibu. Babu aliwasingizia, baba akawasingizia, na mimi nimewasema hadi Lubumbashi. Daktari amesema hamhusiki. Tunaomba rad..."

Mmoja akanichoma mdomo wa juu.

"Wamekusamehe?" Tunu aliuliza kutoka ndani ya wavu wake.

"Wanahitaji muda."

Akapanda. Anapanda vibaya, kama mtu anayekumbatia gunia, lakini anapanda. Akapuliza moshi, mwingi mno, nikakohoa mimi badala ya nyuki. Sega la kwanza likaponyoka, likanitua kichwani. Sega la pili likaingia ndooni. Kisha nikasikia ukelele. Fundi wa mavazi ya Kibondo nzima alisahau kufunga zipu ya shingoni!

Maneno aliyoyatoa pale juu sikujua anayajua. Nusu ni yangu. Lakini alifunga zipu, akarudi kwenye mzinga. Nilikuwa chini nikimtazama, asali inanitiririkia masikioni, mdomo umevimba kama viatu viwili. Nikajua nimekuwa mpumbavu wa muda mrefu.

Alishuka jicho moja limefumba kabisa. "Baba," akasema, "hiyo sasa ndiyo nyuki."

Tulicheka hadi Kipriani akaja kuona nani amekufa.

Jumapili, 12 Julai

Kimeuma. Tuko Kasulu, tumelala kwa binamu wa Apoline. Kesho.

Tunu amekuja nasi, atarudi kesho alasiri kwa mizinga iliyobaki. Tulikaa barazani.

"Nilidhani unaniona mlegevu," akasema. "Kwamba mizinga ni ya wanaume."

"Nilikuwa nakulinda."

"Dhidi ya kitu ambacho ulikuwa umeshanipa."

Sikuwa na mzaha wowote mfukoni. Nikasema, "Nimekupa bila kukuuliza, mama."

Akafikiri. "Na huu mdomo nao ulinipa bila kuniuliza. Umewahi kunisikia nalalamika?"

Naogopa. Daktari Firdausi, hili ukilisoma usiwaambie watu wa Kibondo.

Alhamisi, 16 Julai

Kinauma, lakini ni kidonda.

Walinilaza, wakaniambia nitasinzia. Nikawaambia dawa za usingizi za kawaida hazimwezi mtu aliyetembea kama mimi. Muuguzi anasema nilikoroma kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Bwana Mkubwa ni mkubwa kama kiazi mviringo cha kuuzwa kwa wageni. Niliomba nipewe nimzike kwa heshima. Wamekataa. Kipande chake kimepelekwa Mwanza kuchunguzwa kama alikuwa amegeuka. Majibu baada ya wiki kadhaa. Mtu wangu amesafiri mbele yangu, na bila nauli.

Tunu amepiga simu. Amemaliza mti wa tatu. Ameumwa sikioni.

Jumamosi, 25 Julai

Nimerudi nyumbani. Majibu bado. Apoline ananilisha uji kama njiwa.

Jumamosi, 1 Agosti

Majibu bado. Nimeshindwa kumtania mtu yeyote leo. Kipriani ameleta maziwa na hakudai kitu.

Alhamisi, 6 Agosti

Bado.

Jumamosi, 8 Agosti. Nane Nane

Daktari Firdausi amekuja mwenyewe kwa pikipiki, siku ya sikukuu. Nilipomwona anashuka nikaanza kufunga vifungo vya shati. Daktari hafuati mtu nyumbani kwa habari ndogo.

Akaanza na salamu. Amejifunza kwetu! Makofi, habari za nyumbani, habari za ng'ombe. Mimi namtazama tu. Alipofika kwenye kuku Apoline akapiga kelele, "Mwanangu, sema!"

"Hakikuwa saratani," akasema. "Kilitolewa kabla hakijageuka."

Apoline aliketi chini palepale penye majivu. Tunu akaenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Akatupa masharti. Mimi na Tunu tupimwe kila mwaka, macho na shinikizo la damu, na kinundu chochote kinachokua haraka au kuuma tusikinyamazie. Tunu akipata mtoto amlete mapema. Vile vingine vitabaki, na vingine vitaota. Breki ni zilezile. Kinachobaki ni kuendesha kwa akili.

Nikamwuliza kwa nini amekuja mwenyewe. Akasema alitaka kuonja asali ya nyuki wasio na hatia. Ameondoka na chupa mbili.

Jumamosi, 15 Agosti

Hakikuuma. (Kweli. – Apoline)

Leo Tunu amepeleka asali ya msimu dukani kwa Athuman. Mimi nilikwenda kama mzee mstaafu, nikapewa benchi na soda. Athuman alikuwa na wasiwasi, anafuta chupa zilizo safi.

Tunu alivaa blauzi ya mikono mifupi, ile ya kijani. Sijaiona tangu alipomaliza shule. Kinundu chake cha mkononi kilikuwa hadharani, na nyuki wa jana walikuwa wamempa shavu kama andazi.

Akaingia yule mama aliyerudisha chupa rafuni. Akaangalia asali, akamwangalia Tunu, akamwangalia mkono. Duka zima likasikiliza. Nikainuka kuanza habari za Bugarama, Athuman akanivuta shati nikakaa.

"Mwanangu," mama akasema, "haya yote ni nyuki?"

Tunu akagusa shavu. "Hili ni nyuki." Kisha akaugeuza mkono, akamwonyesha vizuri, bila haraka. "Hiki ni baba."

Mama akanitazama pale benchini. Kope langu, kama kawaida yake, likamkonyeza.

Akachukua chupa mbili.